Tunashangilia makanisa ya Ujerumani, la kwetu tunalichangia libomolewe

Wiki mbili zilizopita binamu yangu alimwaga picha kwenye grupu ya WhatsApp ya familia. Yuko Ujerumani anasomea uuguzi, na siku yake ya kupumzika alipanda treni na wenzake wakaenda Görlitz, mji mdogo ulio mpakani kabisa upande wa mashariki. Picha 41, nilizihesabu. Kanisa la Mtakatifu Petro na Paulo limekaa juu ya mto, minara yake miwili imechongoka kama penseli. Ndani kuna kinanda kikubwa kilichokamilishwa na Eugenio Casparini mwaka 1703, mabomba yake yamepangwa kama jua linalotoa miale, ndiyo maana wenyeji wanakiita kinanda cha jua. Kwingine mjini kuna nakala ya kaburi la Yesu lililoko Yerusalemu, iliyojengwa zaidi ya miaka 500 iliyopita. Ukishuka kutoka kanisani unavuka daraja la miguu na ghafla uko Poland, mji wa Zgorzelec. Zamani ulikuwa mji mmoja. Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha mwaka 1945, mpaka ukawekwa mtoni.

Familia nzima ikajaza mioyo na makofi. Shangazi akaandika, "Mungu ni mkuu." Mimi nilikuwa nimekwama kwenye foleni hapa Kitengela, ndani ya matatu, jua la saa tisa linanigonga dirishani, na mimi pia nikaweka moyo.

Halafu nikashuka, nikatembea hadi ploti ninakoishi, nikafungua jumbe za M-Pesa kutafuta kitu kingine kabisa. Hapo nikauona: shilingi 2,000, zimetumwa siku tatu kabla, kwa kamati ya ujenzi ya kanisa letu nyumbani. Nyumbani ni mji mdogo wa mpakani, hukuhuku Kajiado. Sitautaja, kwa sababu wazee wa kamati wananijua na nauli ya kunifuata Kitengela si kubwa. Ujenzi wenyewe unaanza na kubomoa kanisa la zamani.

Yaani nilimpigia Mjerumani makofi kwa kutunza lake, na nikalipia tingatinga liangushe letu. Wiki moja hiyohiyo.

Ngoja nikueleze hilo kanisa, maana ukilitafuta mtandaoni hutapata hata picha moja. Ni la mawe, ukubwa wake kama madarasa mawili yakiunganishwa. Paa ni la mabati yaliyowahi kupakwa rangi nyekundu. Halina mnara. Kengele ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mgunga, na kinagongwa kwa nati kubwa ya lori. Lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya ule ukame wa 1961 ulioangamiza ng'ombe wengi wa Wamaasai, wakati familia nyingi zilisogea karibu na mahali palipokuwa na maji na chakula cha msaada. Koko, ndivyo tunavyomwita nyanya, alikuwa miongoni mwa akina mama waliobeba maji kwa punda ya kuchanganyia simiti. Hupenda kusema kwamba wanaume walisimama pembeni wakishangaa, kwa sababu kwetu mjenzi wa nyumba ni mwanamke, na hawakuelewa Mzungu anawapa wao mwiko wa nini. Hadithi hiyo huisimulia kila Krismasi, na kila mwaka idadi ya punda inaongezeka.

Sasa najua utakachosema. Miaka sitini na kitu, hiyo nayo ni historia? Kinanda cha binamu kina miaka 300 na ushee!

Tazama basi kanisa letu limesimama katikati ya nini. Enkaji, nyumba ya Kimaasai, hujengwa kwa fito, udongo na kinyesi cha ng'ombe, na haikusudiwi kumzika aliyeijenga. Boma linahama, nyumba inarudi ardhini. Ndivyo ilivyotakiwa iwe. Kwa hiyo kwenye mji kama wetu, jengo la mawe la miaka sitini ndilo jengo la zamani kuliko yote, ukitoa labda kituo cha polisi. Hapa Kitengela nako usiniambie. Nyumba ninayoishi ina miaka minane na tayari imeshapasuka nyufa tatu. Makanisa ya mtaani kwangu ni hema, mabati, na moja lipo juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Jumapili wakiruka, misumari inacheza kwenye debe. Sina neno nayo, watu wanaabudu. Ila mtoto akizaliwa leo hapa, hatakuwa na ukuta wowote wa kuuegemea na kuambiwa kwamba nyanya yake aliwahi kuuegemea pia.

Lakini hebu niache mawe kwanza. Kilichonikosesha usingizi hasa ni kabati.

Nyuma ya madhabahu ya kanisa letu kuna kabati la chuma, na ndani yake kuna vitabu vitatu vya ubatizo. Cha kwanza kimeandikwa kwa kalamu ya wino, mwandiko wa mmishenari, umelala kama nyasi zenye upepo. Kila mstari una jina la Kimaasai, jina jipya, jina la baba, boma alikotoka mtu, na tarehe. Koko yumo. Tarehe ya kuzaliwa hana, wameandika tu rika la vijana waliokuwa wakitahiriwa alipozaliwa, na kwa mtu anayejua marika, hiyo inatosha kukadiria umri wake. Watoto wake wakubwa wawili wamo mstari wa chini yake, walibatizwa siku hiyohiyo.

Kama wewe ni wa Nairobi, unaweza kuona hivyo ni vumbi tu. Kama wewe ni wa mpakani, umeshaelewa. Waingereza na Wajerumani walipochora mstari mwaka 1886 kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, wakaupinda kidogo kuuzunguka Kilimanjaro, hawakumuuliza Mmaasai yeyote ng'ombe wake hulala upande gani. Matokeo yake, kwa miaka mingi ulipokwenda kuomba kitambulisho na jina lako ni la huku kwetu, uliulizwa maswali ambayo mtu wa Nyeri hakuulizwa. Baba yako alizaliwa wapi? Babu je? Chifu gani anakujua? Mjomba wangu alizaliwa bomani, hakuna hospitali, hakuna karatasi, umbali mfupi tu kutoka Tanzania. Alizungushwa ofisi moja baada ya nyingine karibu miaka miwili. Kilichomwokoa ni kadi ya ubatizo, ambayo ni mojawapo ya karatasi zinazokubaliwa mtu anaposajili uzazi akiwa amechelewa. Na kadi yenyewe ilikuwa imepotea. Karani wa kanisa alifungua kabati, akafungua kitabu cha kwanza, akampata, akamwandikia nyingine. Leo mjomba ana kitambulisho, ana laini ya simu kwa jina lake, ana hati ya shamba. Ametoka kwenye mstari mmoja wa wino.

Nilipompigia mzee mmoja wa kamati kuuliza vitabu vitakwenda wapi kanisa likibomolewa, alinijibu kwa upole, "Vitakaa kwa stoo kwa muda." Stoo ya nani? "Tutaona." Sisi tunaotoka huko tunajua stoo za huko. Panya wana miliki yao, mchwa wana yao, na mvua ikija inagawana na wote wawili.

Sitaki kuwasingizia wazee. Hoja yao ina uzito, na kwa mambo kadhaa wako sawa kabisa. Kanisa limekuwa dogo. Siku ya Pasaka nusu ya watu hukaa nje kwenye viti vya kukodi, chini ya hema. Paa linavuja upande wa kwaya. Na wanataka kujenga vibanda vya biashara mbele, vya kukodisha, ili wasitutumie sisi vijana wa mjini ujumbe wa harambee kila mwezi. Nani atapinga hilo? Mimi ninachopinga ni kwamba shamba la kanisa lina nafasi ya kujenga ukumbi mkubwa pembeni na kuliacha la zamani lisimame, liwe darasa la watoto, au chumba cha vitabu, au hata mahali pa kuwekea wafu wakisubiri ibada. Hakuna aliyeuliza. Mchoro ulikuja kutoka Nairobi ukiwa na ukumbi katikati, na katikati ndipo lilipo la zamani. Basi.

Na hapo nijilaumu na mimi. Nilikuwa kwenye mkutano wa Desemba mchoro ulipoonyeshwa. Nilikaa nyuma, nikiwa na simu. Koko alikuwa mstari wa mbele na hakuulizwa, na mimi niliyesoma hadi chuo sikunyanyua mkono. Nilidhani ni mambo ya wazee.

Kuna rafiki yangu hapa mtaani, msee mwenye kusoma sana, ambaye nilipomweleza haya alicheka. "Mnalilia jumba la mkoloni?" akaniambia. Ni swali la haki na silikimbii. Ni kweli wamishenari walikuja na mengi, mengine yalituumiza, na kuna Wamaasai walioyaona hayo mapema kuliko sisi. Mwaka 1909 Molonket ole Sempele, kijana wa Kimaasai aliyekuwa mwanafunzi wa misheni ya Africa Inland, alivuka bahari hadi Virginia, Marekani, kusoma katika shule ya watu weusi. Fikiria, 1909! Alirudi akiwa mhubiri, na baadaye akatofautiana na wamishenari haohao waliomlea. Huyo hakuwa mtu wa kuburutwa. Ukibomoa kila ukuta uliogusana na Mzungu, unamfuta na Molonket pia, na akina mama wa punda, na wale wazee waliosimama kando wakicheka. Jengo lile lilipangwa na mgeni, ndiyo, lakini jasho lililo kwenye kuta ni la kwetu.

Nenda Murang'a utaona ninachosema. Katika kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu James, lililojengwa miaka ya 1950 kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, kuna michoro mikubwa ukutani ya Elimo Njau, msanii kutoka upande wa Kilimanjaro, ambaye baadaye alianzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa, Nairobi. Kwenye michoro hiyo Yesu ni Mwafrika, amezaliwa kwenye nyumba ya Kiafrika, na vilima vinavyoonekana nyuma ni vilima vya Murang'a. Nilikwenda mwaka jana nikisindikiza rafiki kwenye ruracio, tukapitia pale kwa dakika kumi. Nilikaa saa nzima. Ruracio walianza kula bila mimi.

Au kama umewahi kupanda matatu ya Narok ukashukia barabara ya chini, umelipita lile kanisa dogo la mawe la Mai Mahiu, pembeni mwa barabara, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Lilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa kivita Waitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Ni dogo kiasi kwamba ukiingia na marafiki kumi na tano mmejaa. Nimewauliza watu wanane ninaofanya nao kazi, wote wamelipita, mmoja tu ndiye aliyewahi kushuka, na huyo alishuka kwa sababu gari liliharibika.

Huku kusini pia tuna letu la kujivunia. Ukitoka Oloitokitok ukapita Illasit ukashuka hadi Taveta, mji mwingine wa mpakani, kuna mahali panaitwa Mahoo. Wamishenari wa CMS walihamia Taveta mwaka 1892 baada ya kuondoka Moshi iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Kuanzia 1895 misheni hiyo ilichapisha gazeti, Taveta Chronicle, mojawapo ya magazeti ya kwanza kabisa katika nchi ambayo leo tunaiita Kenya. Wewe unayesoma makala haya kwenye simu, ndani ya matatu, unafanya jambo lililoanzia kwenye vijiji kama hivyo, mtambo wa chapa ukipigwa kwa mkono. Sisi tunaenda Taveta kununua ndizi na kuona Ziwa Chala.

Nikamuuliza binamu: huko wanawezaje? Akanijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika sita, huku akitembea, unasikia upepo. Alipofika alijaza fomu ya serikali, kwenye nafasi ya dini akaandika dini yake kwa unyoofu wa mtoto wa shule ya Jumapili. Mwezi wa kwanza wa mshahara akakuta kimekatwa kitu kinaitwa kodi ya kanisa. Katika jimbo alilopo ni asilimia 9 ya kodi ya mapato ya mtu, na serikali yenyewe ndiyo inayokusanya. "Hiyo ndiyo inapaka rangi hayo minara mnayoyapenda," akasema. Halafu akaongeza jambo ambalo hakuliweka kwenye picha. Jumapili moja aliingia kanisani mtaani kwake, akahesabu watu kumi na mmoja. Yeye ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, na baada ya ibada bibi mmoja alimshika mkono na hakutaka kuuachilia.

Sitamani hiyo. Bora ukumbi wetu uliojaa na unaovuja. Ila sioni ni kwa nini tuchague.

Pia sitamani tusubiri serikali, ingawa ina wajibu. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inaruhusu jengo kutangazwa kuwa turathi kwenye gazeti rasmi la serikali, na Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya utamaduni na makavazi. Kaunti ya Kajiado inajua kukuza utalii wa Amboseli, na ni sawa, ndovu wanalipa. Kuandika orodha ya majengo ya zamani, kuanzia yaliyo kando ya reli ya Magadi pale mjini Kajiado hadi mipakani, ni kazi ya afisa mmoja, pikipiki moja na miezi michache. Lakini tingatinga letu halitasubiri orodha.

Kwa hiyo nimeanza na kile ninachoweza. Jumamosi iliyopita nilipanda matatu ya kwenda nyumbani, nikiwa na simu yenye chaji na betri ya ziada. Karani wa kanisa, mzee wa miaka sabini na kitu, alinifungulia kabati baada ya kunikalisha na kunipa chai, kisha akaniuliza maswali mengi kuliko ofisi ya vitambulisho. Tulipiga picha kurasa za kitabu cha pili na cha tatu zote. Vijana wawili wa kwaya walishika kurasa, mimi nikapiga, mmoja akaandika namba. Wote wawili walikuta majina ya nyanya zao. Mmoja alikuwa hajui kwamba nyanya yake alikuwa na jina jingine kabla ya lile alilozikwa nalo. Alilinakili kwenye kiganja kwa kalamu.

Ukienda kwenu wikendi hii, au ukishuka Mai Mahiu kwa hiari yako bila gari kuharibika, uliza funguo ziko kwa nani. Mara nyingi ni mama anayeuza mboga jirani. Uliza kabati liko wapi. Uliza nani aliyebeba maji. Picha yako ukiipandisha TikTok, mimi nitaipa moyo, na safari hii nitakuwa najua ninachopenda.

Mkutano wa kamati ni mwezi ujao. Nimeomba dakika kumi, wamenipa tano, baada ya ripoti ya mweka hazina. Koko amesema atakaa mbele kama kawaida, na kwamba nikinyamaza tena atasema yeye mwenyewe, na yeye hatatumia dakika tano. Kabla ya hapo narudi kwa karani. Kurasa za mwanzo za kitabu cha kwanza zimelegea kiasi kwamba ukizifungua vizuri kwa picha zinakatika, kwa hiyo tutazinakili kwa mkono. Ameniambia nije na kalamu ya wino mweusi na daftari la jalada gumu, na nije asubuhi, kwa sababu saa nane jua linaingia upande wa dirisha na yeye haoni vizuri.